Herufi Mbili Chini ya Wimbo

Alhamisi tarehe 7 Machi 2019, kabla ya saa nne asubuhi, Mugure alifariki nyumbani kwake Landless, Thika. Nilimpoteza mtu wa mwisho aliyenijua nikiwa na miaka kumi na tisa. Kwenye mazishi waliniomba niseme neno. Nilisimama, nikasema kwamba tulifanya kazi pamoja Ruiru na kwamba mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, nikaketi. Watu walidhani nimezidiwa na huzuni, lakini ukweli ni kwamba nilichokuwa nacho kilikuwa kirefu mno kusemwa watu wakiwa wamesimama juani. Wiki mbili baadaye mwanawe, Kamau, alikuja kwangu Gitothua akiwa amebeba mkate na sukari. Huniita tata, yaani shangazi. Akasema, "Tata, mama alikuwa na maneno yake. Alisema mwaka wa 1955 uliuharibu wewe, halafu ukautengeneza wewe. Alimaanisha nini?" Nikamwambia nitaandika, kwa sababu kwa mdomo ningeruka mahali panaponichoma. Sikusoma kupita darasa la nane, kwa hiyo nitaandika kama ninavyojua.

Mahali penyewe palikuwa stoo ya kahawa iliyogeuzwa maktaba, katika shamba moja nje ya Ruiru. Ilikuwa na dirisha moja kubwa, meza ndefu ya mbao, na rafu ambazo miguu yake ilisimama ndani ya mikebe ya mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Harufu ya mafuta ya taa ilichanganyika na ile ya maganda ya kahawa yanayooza karibu na kiwanda, na mpaka leo nikisikia moja huisikia na ya pili. Mwenye nyumba alikuwa Memsahib Pellow, Mwingereza wa miaka sitini na kitu, ambaye hakuwahi kuolewa. Wafanyakazi walimwita Nyina wa Mabuku, mama wa vitabu. Kahawa aliiachia msimamizi. Yeye kazi yake ilikuwa nyimbo na mashairi ya kwao ya miaka mia mbili iliyopita. Alitueleza siku ya kwanza, kwa Kiingereza cha polepole, kwamba zamani hizo wachapishaji wa Uingereza walitoa nyimbo nyingi bila jina la mtunzi, au na herufi mbili tu, au na jina la uongo, na kwamba yeye alikuwa akiwatafuta wenyewe. Vitabu vilimjia kwa meli, ndani ya masanduku ya bati. Mugure alinigeukia akaninong'oneza kwa Kikuyu, "Wamewapoteza wenye nyimbo kwao, wanakuja kuwatafuta Ruiru."

Kazi yetu ilikuwa kunakili. Kila wimbo ulipata kadi yake. Juu tuliandika mstari wa kwanza, katikati beti zote, nyuma ya kadi jina la kitabu na ukurasa. Kona ya kulia iliachwa wazi kwa jina la mtunzi, na hapo Memsahib alikuwa na sheria ambayo hakuivunja. Jina liliandikwa kwa wino mwekundu likiwa na mashahidi wawili, yaani mahali pawili tofauti panaposema ni huyo. Likiwa na shahidi mmoja liliandikwa kwa penseli. Bila shahidi, tuliandika kwamba mtunzi hajulikani. Kwenye vitabu hivyo vya zamani herufi ya S ilichapwa karibu sawa na F, na Mugure alipenda kusoma kwa sauti vile ilivyo, huku amekunja midomo. "Wambui, hebu sikiliza. Hawa watu wote walikuwa vibogoyo!" Nilicheka mpaka nikamwaga wino, na doa lile lilibaki kwenye meza.

Saa saba tulikula nyuma ya jikoni pamoja na mpishi, Mzee Njuguna. Tulileta githeri yetu, mahindi na maharagwe, kwenye mkebe, naye akatuongezea kilichobaki mezani, mara kipande cha pai, mara supu iliyopoa. Yeye ndiye aliyetuletea habari, kwa sababu alihudumu mezani na wageni walizungumza mbele yake kama vile yeye ni kabati. "Leo wamebishana juu ya mtu aliyekufa zamani hata kaburi lake limepotea," alituambia siku moja. "Mmoja anasema wimbo ni wake, mwingine anasema si wake. Kuku wangu amepoa hapo katikati. Hamuwezi kuwaambia wale kwanza?" Mugure akamjibu, "Baba, wewe ungekufa ukaacha mchuzi kama huu, nani angebishana kwamba si wako? Kila mtu angekukana." Mzee alimtupia kitambaa cha sahani. Siku ileile Mugure alikuwa amekwisha kumtungia wimbo juu ya mchuzi huo, na wachuma kahawa waliuimba kwa wiki nzima. Alitunga kama mtu mwingine anavyopiga chafya. Hakuandika hata mmoja.

Lazima nieleze kwa nini kazi ile ilikuwa kubwa kwetu kuliko mshahara wake. Ulikuwa wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni kwa sababu ya Mau Mau. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kimoja chenye uzio, na kila nyumba ilitoa mtu mmoja wa kuchimba handaki la kuzunguka kijiji, siku tano kwa wiki, bila malipo. Nyumba yenye mtu aliyeajiriwa na kushikilia barua ya mwajiri ilisamehewa. Mimi na Mugure tulikuwa na barua ya Memsahib, na ilisema kwamba tunahitajika mpaka kazi ya kadi iishe. Nyumbani kwa Mugure walikuwa wawili tu, yeye na mama yake, ambaye kifua kilimbana hata akiwa ameketi. Kwa hiyo Mugure alijua, na mimi nilijua, kwamba siku kadi zinaisha, mmoja wao anashika jembe, na hawezi kuwa mama. Kufikia mwezi wa tano kadi za vitabu vilivyochapwa zilikuwa zimekaribia kwisha. Kilichobaki kilikuwa kitabu cha Hester Pellow, na hicho Memsahib alikadiria kingetuchukua mwaka mzima zaidi.

Hester Pellow alikuwa mama wa babu ya babu yake, au karibu na hapo. Kitabu kilikuwa cha mkono, chenye jalada la ngozi, na ndani yake mlikuwa na nyimbo arobaini na moja kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Chini ya kila wimbo paliandikwa H.P. Ukoo wote ulisema siku zote kwamba Hester alizitunga yeye. Hao ndio walikuwa mashahidi wawili wa Memsahib, herufi na neno la ukoo, na kadi zote arobaini na moja zilipata jina la Hester kwa wino mwekundu. Alikuwa amekwisha kumwandikia mchapishaji wa London. Kitabu kizima kingetoka kwa jina la Hester, na maelezo marefu ya kila wimbo ambayo sisi tungeyanakili, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mwaka. Alipotuonyesha kitabu hicho mara ya kwanza alinawa mikono kwanza. "Alikuwa na watoto tisa," alisema, "na hakuna aliyejua alikuwa na kipaji." Sikuwahi kumwona akitabasamu vile tena.

Sasa, mimi na Mugure tulitoka shule moja ya misheni. Shule ile vitabu vya nyimbo vilikuwa vinne kwa wasichana sitini. Mwalimu aliandika wimbo ubaoni, sisi tukanakili, na kila msichana akiisha kunakili aliandika herufi za majina yake chini, ili mwalimu ajue nani amemaliza na makosa ni ya nani. Tulifanya hivyo miaka minne. Mkono ulizoea. Kwa hiyo tulipoanza kadi za Memsahib tuliandika herufi zetu chini ya kila wimbo bila kuambiwa na bila kufikiri, W.N. kwa zangu na M.K. kwa za Mugure, na Memsahib, ambaye jicho lake lilikuwa daima kwenye kona ya kulia, hakuona kwa miezi. Aliyeona ni kasisi mmoja mgeni, aliyekuja kunywa chai Jumamosi moja. Alichukua kadi mezani, akasoma wimbo mpaka mwisho, akauliza, "Huyu M.K. ni mshairi gani? Sijawahi kumsikia." Mugure alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Akajibu kwa adabu yake yote, "Ni mimi, bwana." Kasisi alicheka mpaka kikombe kikagonga sahani. Memsahib naye alicheka, akatuambia tuache mtindo huo wa shule. Halafu niliona anakoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari. Sijui alifikiri nini. Ningependa kuandika kwamba aliona palepale, lakini sina uhakika.

Mimi nilichelewa kuona. Ilikuwa siku tatu au nne baadaye, nikiosha mkebe wa githeri bombani. Nilifikiria sura ya zile H.P., jinsi zilivyokaa mahali palepale kila mara, kidogo kushoto, na mstari mfupi chini yake. Ni mstari ule ambao mtu hupiga akimaliza. Nikarudi ndani nikatazama kadi zetu za mwanzo. Nikajiambia si kitu. Lakini tangu hapo sikunakili wimbo wa Hester bila kumwona msichana ameketi mbele ya ubao.

Mwezi wa saba nilikuwa nikipanga chini ya sanduku la bati, kwenye makaratasi ambayo Memsahib alisema hayana maana, nikakuta kijitabu kisicho na jalada. Kilikuwa cha nyimbo, kimeliwa pembeni na wadudu. Ukurasa wa tatu ulikuwa na wimbo wa muuza maziwa na daraja lililosombwa na mto, wimbo nilioujua kwa moyo kwa sababu mwezi uliopita nilikuwa nimeunakili kutoka kitabu cha Hester. Mbele niliona wa pili, halafu wa tatu. Hazikuwa na jina la mtunzi. Lakini ukurasa wa kwanza ulikuwa na mwaka, na katika Biblia ya ukoo, iliyokuwa kwenye rafu nyuma yangu, mwaka wa kuzaliwa kwa Hester uliandikwa wazi. Kijitabu kilichapwa miaka sita kabla yake.

Nilimwonyesha Mugure. Alisoma, akahesabu kwa vidole, akakirudisha mkononi mwangu.

"Kirudishe ulipokitoa," alisema.

"Si zake, Mugure. Alinakili kama sisi."

"Nimeona. Mimi si kipofu. Ni nyimbo tatu tu."

"Zote zina herufi zilezile, na mstari uleule."

"Na aliyezitunga amekuja hapa mlangoni kuzidai?" Alisimama akafunga mlango. "Sikiliza, Wambui. Hester amekufa. Huyo mwingine amekufa. Watoto wao wamekufa. Mimi mama yangu yuko hai."

Niliweka kijitabu chini ya sanduku, mahali pake, na kwa siku tisa niliendelea kuandika jina la Hester. Nataka hili lisomwe vizuri. Sikuwa shujaa wa ukweli. Nilikuwa msichana aliyeshindwa kula. Siku ya kumi nilikitoa kijitabu, nikavuka ua hadi varanda, nikamkuta Memsahib akikata vichwa vya maua yaliyonyauka. Nilimpa kikiwa wazi ukurasa wa tatu. Sikumwambia neno la maana. Nilisema, "Kilikuwa kwenye sanduku."

Alisoma akiwa amesimama. Halafu akaketi kwenye ngazi, jambo ambalo hakulifanya mbele ya wafanyakazi. Akauliza nani mwingine amekiona, na nilimwambia Mugure. Akakitia kwenye mfuko wa aproni. Siku tatu hakuingia maktaba. Mzee Njuguna alituambia sahani zinarudi zimejaa. "Mmemfanya nini huyu mama? Hata pudini hataki." Mugure aliendelea kunakili, na nilijua kwamba anatumaini, na mimi pia nilitumaini, Mungu anajua, kwamba Memsahib ametia kile kitu motoni. Hakuna ambaye angemwuliza.

Siku ya nne alikuja amevaa vizuri. Alichukua kadi arobaini na moja, akaziweka mbele yetu, akasema ziandikwe upya zote, kona ya kulia iseme mtunzi hajulikani, na nyuma iandikwe kwamba zimenakiliwa na Hester Pellow. Alisema amemwandikia mchapishaji kwamba kitabu cha Hester hakitatoka tena. Kisha alichukua kitabu cha ngozi, akakifungua. "Mwandiko wake ulikuwa mzuri," alisema. Kazi ile ya kuandika upya ilichukua wiki mbili. Mwisho wa mwezi alitulipa, akampa kila mmoja barua ya kusema tabia yake ni njema, na ile barua nyingine, ya kijiji, akaichukua. Sidhani kama alijua barua ile ilikuwa nini kwetu. Hatukuwahi kumwambia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hatukumwambia, na naona ni kwa sababu hakuna siku aliyotuuliza tunakoenda jioni.

Jumatatu Mugure alishika jembe. Nami pia. Tulipangwa kundi moja, wanawake kama thelathini, na kila mmoja alipimiwa hatua zake za handaki asubuhi. Hakunisemesha. Hakunitukana pia, isipokuwa mara moja, nilipompa maji, akaniambia, "Kunywa wewe. Ukweli unaleta kiu." Mikono yake, ambayo Memsahib aliisifu, ilipasuka wiki ya kwanza. Usiku mama yake alikohoa, tukamsikia kupitia ukuta wa matope, kwa sababu tulikuwa majirani, na asubuhi Mugure alitoka akiwa hajalala.

Lakini nyimbo hazikumtoka. Wiki ya tatu kundi letu lilikuwa likiimba wimbo mpya juu ya hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, mtu mfupi aliyepewa koti refu la kijeshi. Kwa Kiswahili chumvi inapungua, lakini ulianza hivi: koti limefika, mwenyewe bado yuko njiani anatafuta vifungo. Ubeti wa pili ulikuwa juu ya kuku wa mjane mmoja, kuku aliyeingia katika mfuko wa koti hilo na hakutoka tena. Kila mtu alijua kuku ni yupi na mjane ni nani. Mtunzi tulimjua wote thelathini.

Hedimani alikuja Ijumaa, na askari wawili. Alisimama juu ya ukingo, sisi tukiwa chini handakini, hivyo tuliona viatu vyake kwanza na pindo la koti. "Nani ametunga huu wimbo wenu?" Majembe yaliendelea. "Nauliza kwa mara ya pili." Mwanamke mmoja akasema ni wimbo wa zamani, mwingine akasema umetoka Thika, kwenye mkonge. Hedimani akacheka. Halafu akanitafuta kwa macho. "Wambui. Wewe uliyemfichulia mzungu habari za bibi yake. Wanasema wewe huwezi kudanganya hata ukilala. Njoo hapa. Ni nani?"

Nilipanda. Sikumtazama Mugure, lakini nilijua alipo, na nilijua pia kwamba jembe lake limeacha kusikika. Aliyechukuliwa na askari kwa jambo kama hilo alikaa siku kadhaa kwenye kambi yao, na nyumbani kwa Mugure hakukuwa na wa kumpikia mama uji.

Nikasema, "Ni mimi."

Ulikuwa uongo. Sikuwa nimetunga hata mstari mmoja maishani, na sijatunga tangu hapo. Hedimani akasema, "Basi imba."

Niliimba. Ubeti wa kwanza ulitoka sawa. Nilipofika wa pili nilisema mbuzi badala ya kuku. Sijui kama niliogopa kumtaja kuku wa mjane mbele yake, au nilisahau tu. Nimejaribu kukumbuka kwa miaka sitini na nne na siwezi kuapa. Wanawake walipokea kiitikio kutoka chini, kwanza wawili, halafu wote, na mbuzi wangu ndani yake. Mmoja wa askari aligeuza uso. Hedimani akawaambia, "Ni yeye. Huyu hadanganyi." Akafikiri kidogo, nadhani aliona aibu kumpeleka kambini msichana kwa sababu ya mbuzi aliyeingia mfukoni. Akapima kwa viatu vyake hatua sita zaidi kando ya kipande changu, akasema sitaondoka mpaka ziishe, akaenda zake.

Wengine walimaliza saa kumi, wakafuta majembe kwa nyasi, wakapita mmoja mmoja bila kunisemesha, kwa sababu askari mmoja alikuwa amebaki. Mugure alipita pamoja nao. Nilimsikia akimwuliza askari kitu, askari akajibu, "Shauri yako." Kisha akateremka handakini upande wa pili wa hatua zangu sita, akatemea mate mikono yake iliyopasuka, akainua jembe.

"Mbuzi anaingiaje mfukoni, Wambui?" alisema, na akaanza kuchimba.